Wimbo wa Nne, Upande wa Pili

Mwalimu alikuwa na kidole. Najua, kila mtu ana vidole, lakini cha Mwalimu kilikuwa na kazi yake. Kaseti ikifika mahali fulani katika wimbo wa nne wa upande wa pili, sekunde moja kabla ya ule mkato, kidole chake cha shahada kilipanda juu chenyewe, kama cha mwanafunzi anayejua jibu. Na kila kilipopanda, mimi nilikikodolea macho. Miaka karibu thelathini, mabara mawili, kidole kilekile.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, waulizeni wanaojua. Mimi nilimkuta tayari ana mvi. Kabla ya vita alifundisha Kifaransa Uvira. Kambini, upande wa Tanzania, alifundisha watoto wetu kila kitu, hata hesabu ambazo yeye mwenyewe alikuwa hazipendi. Hapa Louisville, Marekani, alifunga maboksi katika ghala moja la Okolona mpaka umri ukamkataa, na wasimamizi wake walimwita Mwalimu wakidhani ndilo jina la babake. Hakuwasahihisha. Alisema mtu akikuita vizuri bila kujua, mwache.

Alikuwa mtu wa kaseti moja. Nyingine alikuwa nazo, za mahubiri na za kwaya, lakini hizo ziliazimwa na kupotea na hakuuliza. Hii moja hakumwazima mtu. Aliipata miaka ya themanini kutoka kwa kijana wa Kimarekani aliyekuja kufundisha fizikia shuleni kwao. Siku ya kuondoka yule kijana alimwachia mwavuli, sufuria na kaseti. Mwavuli uliibwa, sufuria ilibaki kwenye vita, kaseti ikavuka ziwa ndani ya soksi. Ilikuwa ya bendi ya vijana wanne wa Buffalo ambayo hata Buffalo kwenyewe watu hawakuijali. Binti yangu Neema ndiye aliyenisomea kwenye simu kwamba muziki ule wenyewe wanauita post-punk, na kwamba walitoa albamu hiyo moja tu wakatawanyika. "Nobody listened to it, Mama," akaniambia. Nikamwambia, alikuwepo aliyesikiliza, tena sana.

Kwanza niseme ukweli: mara ya kwanza nilipousikia muziki ule nilidhani redio imeharibika. Nilikuwa msichana wa kwaya, nimezoea sauti nne zinazokubaliana. Hapa gita moja linatembea chini peke yake, dum, dum, dum, kama mtu anayezunguka chumbani. Gita la pili linakuja kwa mbali likilalamika kwa sauti nyembamba. Ngoma kavu, na juu ya yote kijana anaimba kana kwamba amesikia hodi mlangoni na hajui ni nani. Nikamuuliza, "Mwalimu, huyu ni mgonjwa?" Akasema, "Hapana. Anaogopa. Lakini anaogopa kwa adabu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiusifu. Hakusema ni mzuri. Alisema, "Sikiliza miguu," yaani lile gita la besi. "Nyimbo nyingi kichwa kinatangulia, miguu inafuata. Hapa, bon, miguu imeshaamka, kichwa bado hakijui kinaenda wapi. Wewe mwenyewe siku ile ya kukimbia, ulianza na kipi?" Nilianza na miguu. Nilikuwa hata sijafunga kanga.

Watu walimcheka. Mkongomani gani hataki rumba? Vijana wa kanisani kwetu huku South End waliuita muziki wake "msiba wa wazungu". Alikuwa hawajibu, ila mara moja tu, kwenye harusi, kijana mmoja alipomvuta acheze. Alicheza, tena alicheza vizuri kuliko yule kijana, viuno vya Kongo havina umri. Aliporudi kukaa akasema, "Rumba naipenda. Rumba inakuambia mambo yatakuwa sawa. Donc, basi, nikitaka kudanganywa kidogo nasikiliza rumba. Lakini hawa vijana wanne hawajawahi kunidanganya hata siku moja." Kisha akala keki yake yote, na yangu.

Kiingereza chake chote kilitoka mle ndani. Alikuwa ameandika maneno ya nyimbo nane kwenye daftari, neno kwa neno, imla aliyojisomea mwenyewe, na yale asiyoyasikia vizuri aliyajaza kwa akili yake. Alipofika Louisville nilimsindikiza ofisi ya wakimbizi, mimi nilikuwa nimetangulia mwaka mmoja. Mama wa ofisi akamuuliza kwa upole, habari yako, unajisikiaje? Mwalimu akajinyoosha, akajibu kwa Kiingereza safi kabisa kwamba bado anamsubiri mtu wa kusoma mita ya umeme, na hana hakika kama atakayekuja ni mtu. Yule mama kalamu ikasimama. Mimi nikaanza kukohoa.

Hapa lazima nieleze kikohozi changu. Nikiogopa nakohoa. Si kikohozi cha ugonjwa, ni kikavu, mara mbili, huhu. Nilikuwa nacho tangu utoto, mama yangu alikuwa anasema mimi sihitaji kushtakiwa, najishtaki mwenyewe. Watoto wangu wananitania nacho; simu ya shule ikilia tu wanasema, haya, Mama anaanza.

Basi wakampeleka Mwalimu kwa mshauri wa akili, kila Jumanne, kwa muda mrefu. Nililia kwa aibu, nikijua ni mimi niliyepaswa kumtafsiria. Yeye alifurahi ajabu. "Mtu mzima amekaa mbele yangu saa nzima, kazi yake ni kunisikiliza, na ananipa kahawa. Mwanangu, nchi hii mnailalamikia nini?" Nadhani yule mshauri aliusikiliza upande wa kwanza wote. Sijui kama alipona.

Alikuwa na vituko vya kutosha kujaza daftari. Alichukia kelele. Kanisani, yeye akiwa shemasi, alipigana miaka miwili spika zipunguzwe, halafu nyumbani anapiga ile panki yake. Alifundisha watoto zaburi za kutoogopa, na mlango wake una komeo tatu. Na kando ya mlango, kambini na hapa, kulikuwa na mfuko: karatasi za uhamiaji, shati moja, dawa ya presha, kaseti. Mfuko wenyewe ulikuwa tayari siku zote. Nilimwambia, "Mwalimu, hapa Marekani hakuna wa kutufukuza usiku." Akanitazama tu. Miaka imepita, mambo yamebadilika, na sasa mimi mwenyewe nina mfuko kando ya mlango. Siku aliyouona hakunicheka. Aliuinua kupima uzito, akasema, "Punguza. Huwezi kukimbia na huu."

Neno lake kubwa lilikuwa hili: hofu yako ibebe mwenyewe, usimtwike mtoto. Ndiyo maana aliipenda ile albamu, alisema, kwa sababu wale vijana waliibeba ya kwao mpaka mwisho bila kumpa msikilizaji ashike hata upande mmoja. Mimi nilikuwa naitikia, ndiyo Mwalimu, huku nimebeba yangu ambayo yeye, niliamini, haijui.

Sasa niiseme.

Kambini kwaya yetu ilitaka kurekodi wimbo tuliotunga wenyewe, mchungaji aupeleke Kigoma. Redio-kaseti ilikuwa moja tu ya kuaminika, ya Mwalimu. Mke wake, Mama Mwalimu, ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza ya kwaya, na alikubali turekodi pale kwake Mwalimu akiwa shuleni. Mimi nikapewa kazi ya kutafuta kaseti tupu. Nilizunguka siku mbili. Tupu hakuna. Nikarudi nikaikuta ya Mwalimu ndani ya redio, imesimama karibu na mwisho wa upande wa pili.

Kaseti za dukani zina vitundu viwili juu ili zisifutwe. Kambini kila mtu alijua dawa yake: unatafuna kikaratasi, unaziba. Nilitafuna kona ya daftari langu la nyimbo. Na sitaki kudanganya kwamba sikujua. Nilijua ni yake. Nilijiambia, sisi tunamwimbia Mungu, na hawa vijana wa Buffalo wanalalamika kuhusu kungoja mabasi. Mtu akiwa upande wa Mungu hujihurumia haraka. Mama Mwalimu alikuwa nje anawapanga wenzetu mstari, akaingia, nikabonyeza.

Tulipomaliza akaona kikaratasi. Alielewa papo hapo. Akashika kichwa. "Yesu wangu! Umefuta wimbo wa Baba?" Nikaanza kulia. Akaniambia, "Nyamaza. Hiyo kaseti haiendi Kigoma tena. Nitamwambia mwenyewe, nitamchagulia siku nzuri." Alikuwa na kipaji cha kumchagulia Mwalimu siku nzuri. Lakini siku zile zilikuwa mbaya mfululizo, kisha homa ikamshika, na kabla mvua hazijakatika tulimzika.

Mwalimu aliigusa redio tena matanga yakikaribia kuisha. Watu wachache tulikuwa bado tunalala pale. Akasikiliza wimbo wa nne, ule wa kijana aliyekaa dirishani kwenye theluji akimngoja mwanamke wake arudi kutoka kazini, anahesabu mabasi. Basi la kwanza limepita, hayumo. La pili, hayumo. Miguu inazidi kwenda, dum, dum, dum. Basi la saba limepita. Halafu klak! Kiti kinakwaruza, mtu anapitisha mguu, na Mama Mwalimu anaanza kuimba kwa Kiswahili chake cha Fizi, peke yake, kabla kwaya haijamfuata.

Mwalimu alikaa akitazama redio mpaka ukanda ukaisha. Kisha akatugeukia waombolezaji, macho makavu, akasema, "Aliniachia sauti. Alichagua mahali mwenyewe." Wanawake wakapiga yowe. Hakukuwa na picha yake hata moja iliyovuka ziwa, na sauti yake haikuwa popote pengine duniani. Mimi nikatoka nje nikakohoa mpaka nikatapika.

Ungekuwa wewe ungesema? Mwanzo nilikaa kimya kwa woga. Baadaye nilikaa kimya kwa sababu nyingine iliyo mbaya zaidi: kila nikifungua mdomo naona kwamba nikijitakasa, namnyang'anya. Yeye ana mke aliyemchagulia mahali pa kumwachia sauti. Mimi nina kikaratasi kilichotafunwa. Nikimpa kikaratasi, mke anabaki na nini?

Hivyo nikaishi karibu naye. Kambini nilimchotea maji. Hapa Louisville kila Jumamosi asubuhi, nikitoka shifti ya kulea wazee, nilipita kwake na maandazi. Anapika chai ya maziwa, anafungua komeo tatu, tunasikiliza upande wa kwanza. Upande wa pili ulikuwa mara moja kwa mwezi tu kwa sababu ukanda umechakaa, na hiyo Jumamosi andazi langu lilibaki kwenye sahani. Naogopa ukanda utakatika. Naogopa hautakatika. Kidole kinapanda, klak, Mama Mwalimu anaimba, na Mwalimu anafunga macho. Neema alitaka kuuhamishia kwenye simu. Mwalimu akakataa katakata: "Simu zenu mnazibadilisha kila mwaka. Mke hahamishwi hamishwi."

Sisi tuliokaa naye wakati huo tulidhani anasikiliza kwa sauti ndogo kwa adabu ya majirani. Kisha akaanza kupandisha. Mashine za ghalani zilikuwa zimemla sikio la kushoto pole pole. Siku moja niliingia nikakuta birika limeungua mpaka limekuwa jeusi, filimbi yake imelia hadi ikachoka, na yeye amekaa hatua nne kutoka hapo anasoma. Sikulala siku ile. Nilimpigia binti yake, Furaha, aliyeko Columbus. Wiki hiyohiyo Furaha akaja na gari akamchukua, yeye na mfuko wake, akamweka kwake, mtaa wa Linden. Mwalimu alipokuwa anafunga mkanda wa gari akaniambia nisiache kuleta maandazi. Columbus! Saa tatu na zaidi za barabara.

Niliyaleta mara mbili. Halafu ikaja simu ya Furaha. Yeye, ambaye huniita Yaya, yaani dada mkubwa, hana mzunguko.

"Yaya, daktari anasema na la kulia linafunga. Miezi tu. Kile kifaa cha sikio kinamsaidia maneno, muziki unakuja kama bati. Bon, kama uko na jambo la kumwambia Papa, kuya umwambie sasa."

"Jambo gani?" nikauliza. Huhu.

"Mi sijui. Nasema tu. Na anaulizaka ule wimbo unaishaje. Anasema atakufa bila kujua kama ule mama alishuka kwenye basi."

Hilo ndilo lililonichoma. Miaka yote nilifikiria nilichompa, sikufikiria nilichomfutia. Aliwahi kuusikia mwisho, zamani, kabla sijaufuta, lakini daftari la maneno lilipotea safarini, na hata yeye alikuwa ameusahau, alibaki kuukisia. Wakati mwingine alisema mwanamke anafika na theluji mabegani. Wakati mwingine alisema hapana, bendi ile si ya kufikisha mtu.

Mpwa wangu alikuwa anaolewa Buffalo mwezi ule. Nilikuwa nimeshasema siendi, barabara ndefu, theluji, mimi naogopa malori. Nikasema naenda. Njia nzima Neema aliendesha na mimi nilikanyaga breki ambayo haikuwa upande wangu. Asubuhi ya harusi, wenzangu wamekaa saluni, mimi na Neema tulikuwa tunatafuta duka la santuri kuukuu. La kwanza hawaijui bendi ile. La pili wamefunga. La tatu lilikuwa la mzee mmoja wa kizungu mwenye sweta iliyotoboka kiwiko. Neema akamtajia bendi. Mzee akavua miwani.

Alituambia, Neema akinitafsiria kwa haraka, kwamba aliwahi kuwaona wakipiga katika chumba cha chini cha kanisa moja, watu kumi na mmoja, wanne wakaondoka. Kwamba kwa maoni yake hakuna kitu bora kilichotoka mji ule miaka ile, na amechoka kuwaambia watu. Kisha akauliza tumeisikia wapi.

"Kambi ya wakimbizi," nikamwambia mwenyewe kwa Kiingereza changu. "Tanzania. Kila Jumamosi."

Akakaa kwenye kiti. Kisha akapanda ngazi, akashuka na santuri. Jalada la kijivu, dirisha, uso wa kijana nyuma yake, alama ya mkono kwenye kioo. Kwa mara ya kwanza niliona jalada lake. Kaseti yetu haikuwahi kuwa nalo. Akatupatia na mashine ndogo ya kuchezea. Bei sitaitaja, mume wangu anajua kusoma.

Sikuisikiliza. Neema alitaka tuisikilize hotelini nikamkatalia. Niliona si haki yangu kuujua mwisho kabla ya Mwalimu. Harusini nilicheza vibaya. Usiku sikufunga jicho, nikimpangia Mwalimu maneno: kwanza nimpe wimbo wake, halafu niseme. Au kwanza niseme. Au nimpe wimbo, ninyamaze, nibebe yangu mwenyewe kama alivyonifundisha. Lakini mbona neno lake lenyewe lilikuwa linanikaba?

Tulifika Linden siku ya pili mchana. Nyumba ya Furaha iko mtaa wa nyumba za mbao zenye vibaraza, vingine vimeinama. Mwalimu alikuwa amekaa karibu na dirisha, amekonda, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Kando ya mlango, mfuko. Aliponiona alisema kwa sauti kubwa mno, kama wasemavyo wasiosikia, "Maandazi yako wapi?"

Nilikuwa nimesahau maandazi. Nikaanza kukohoa.

Furaha akaondoa kile kifaa, akasogeza kiti, sikio la kulia likakaribia spika kiasi cha kuigusa. Nikamwekea Mwalimu jalada mapajani. Alilitazama sana. Akagusa dirisha, akagusa ile alama ya mkono. "Kumbe ni huyu," akasema. "Nilidhani ana ndevu."

Neema aliweka sindano kwenye wimbo wa nne. Miguu ikaanza. Mwalimu akaweka kiganja juu ya mashine ili kile ambacho sikio halikipati mkono ukipate. Midomo yake ilifuata maneno. Basi la kwanza. La pili. Nilimshika Furaha mkono nikamuumiza. Basi la sita. La saba limepita. Kidole kikapanda.

Hakukuwa na klak. Kijana akaimba, la nane. La tisa. Kidole cha Mwalimu kilibaki hewani, hakijui kishuke wapi. Kisha kijana akanyamaza, gita jembamba likanyamaza, ngoma ikanyamaza. Ikabaki miguu peke yake, inazunguka, inazunguka, kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, inapungua, na ikasimama. Mlango haukufunguka. Hakuna sauti ya mtu. Sindano ikakwaruza.

Mwalimu akashusha kidole. "Donc," akasema, "hakufika."

Nikapiga magoti kando ya lile sikio. Yale maneno yote niliyoyapanga yalikimbia. "Mwalimu, ni mimi niliyebonyeza. Ile siku. Mama hakuchagua mahali. Nilijua ni kaseti yako, nikaziba vitundu, nikabonyeza. Ni mimi."

Hakugeuka, nikadhani hajasikia. Nikavuta pumzi nirudie kwa sauti, na Mungu anisamehe, kurudia kulikuwa kugumu kuliko kusema.

"Najua," akasema.

"Mama alikuambia?"

"Mama hakuniambia kitu. Na mashine alikuwa anaziogopa, hata redio hakuwahi kuizima, alikuwa ananiita." Akanigeukia. "Baada ya klak, kabla ya kiti. Hujawahi kusikiliza vizuri wewe, kila mara ulikuwa unatazama kidole changu. Kuna mtu anakohoa. Mara mbili."

Neema akasema, "Oh my God, Mama."

"Siku ile ya matanga," Mwalimu akasema, "nilitaka nikuvunje vidole. Na nilitaka nivibusu hivyo vidole. Yote mawili kwa pamoja. Nikaona wanawake wanaanza kuuliza, nani amefuta kaseti ya Mwalimu. Nikawaambia ni yeye, ili waache kutafuta. Ungekuwa umekimbia kwaya. Ungenikimbia na mimi. Nani angebaki wa kusikiliza miguu?"

"Miaka yote hii, Mwalimu! Nimebeba miaka yote hii!"

"Hilo ni kosa langu," akasema, na sauti yake ikawa ndogo kwa mara ya kwanza siku ile. "Nilidhani nimekutua. Kumbe nilikutwika."

Nililia pale sakafuni kwa kelele, mimi na umri wangu, mbele ya mwanangu. Aliniacha nilie. Halafu akaita, "Furaha, lete mfuko."

Redio-kaseti ya Furaha ilikuwa ya kuokoteza, kifuniko kimefungwa kwa mpira. Mwalimu akatoa kaseti kutoka kwenye soksi, akairudisha nyuma kidogo kwa kalamu, akihesabu mizunguko kwa midomo. Ukanda umekuwa mwembamba mpaka mwanga unapita. Nikamwambia, "Mwalimu, usiipige, itakatika."

"Ikikatika itakatika nikiwa nasikia." Akaisukuma kuelekea kwangu. "Wa kwao hakufika. Wa kwetu anafika. Haya, bonyeza, si ndiyo kazi yako?"

Nikabonyeza. Kidole kikapanda. Klak, na yule msichana akakohoa, mara mbili, wazi kabisa, hata nilishangaa nilikuwaje sijamsikia. Na mimi pale Linden nikakohoa. Mwalimu akacheka bila sauti, mabega yakitikisika, akalaza sikio juu ya spika, na Mama Mwalimu akaingia.